Mtoto wa Mninga

Mwenzangu wa chumba katika bweni la chuo kikuu alikuwa akipaka nywele zake mafuta ya nyonyo kila Jumamosi. Mama yake alimletea katika chupa ya dawa ya kikohozi iliyozibwa kwa kitambaa, na kila alipoifungua mie nilitafuta sababu ya kutoka nje. Siku moja aliniuliza kama harufu ile inanichefua. Nilimjibu ndiyo, kwa kuwa ndiyo ni jibu fupi. Ukweli ni kwamba harufu ile hunirudisha Temeke, uani kwetu, kwenye vumbi jekundu la mti, kwa shangazi yangu aliyelala ubavu juu ya mkeka akimpaka mafuta mtoto asiye na uso.

Tangu siku zile nimesoma mengi. Nimefundishwa kuuliza swali, kisha kulihoji hata jibu lenyewe. Watu wa rika langu, waliokulia kama mie katika nyumba za udongo na leo wanavaa viatu kila siku, nadhani watanielewa nikisema kwamba swali langu kubwa sikulipata darasani, wala darasani halikupata jibu.

Mama yangu aliachana na baba nikiwa sijui kutembea, akaolewa tena Kisarawe. Baba alifanya kazi reli, na nyumbani alikuja kama mgeni, na mkate wa boflo kwapani. Aliyenilea ni dada yake, Shangazi Tabu. Shangazi alikuwa mwimbaji. Katika mtaa wetu hakuna bibi harusi aliyetoka ndani bila sauti yake, na hakuna mwali aliyechezwa unyago bila yeye kuwekwa mbele ya wanawake wenzake. Hakujaliwa mtoto. Nilikuwa mie tu, na nililala naye kitanda kimoja, mgongo wangu tumboni mwake.

Ua wetu ulikuwa mpana, una mfenesi mmoja wenye kivuli kizito, na kwa ajili ya kivuli hicho Jumapili alasiri walikusanyika mafundi. Mzee Kondo, jirani wa ukuta wa pili, alikuwa mtengenezaji wa ngoma. Bi Mwanaidi, shoga wa shangazi, alisuka mikeka, na mikeka ikimchosha alisuka nywele. Fundi Simoni, Mmakonde kutoka kusini, alipanga chumba chetu cha uani na kuchonga sanamu za mpingo alizowauzia Wazungu mjini. Uso wake ulikuwa na chale kutoka paji hadi kidevuni, mistari iliyopangwa vizuri hata nilipokuwa mdogo nilidhani aliuchonga mwenyewe, mbele ya kioo.

Kila mmoja alifanya kazi yake, lakini kazi hasa ilikuwa maneno.

"Mti nikiushika mie unasema," Mzee Kondo alianza, akikuna ngozi ya mbuzi. "Wa kwako, Fundi, unakwenda kununa kabatini kwa Mzungu."

"Wa kwako unasema kwa sababu unapigwa, mzee," alijibu Fundi Simoni bila kuinua macho. "Hata mie ukinipiga nitasema."

"Nyie wote mnahangaika na magogo," Bi Mwanaidi aliwaingilia. "Atakayewalaza ni mie. Hakuna anayelala juu ya ngoma."

Shangazi alicheka, kisha akatia wimbo juu ya ugomvi wao, palepale, wenye majina yao ndani, na Mzee Kondo akajikuta anaupigia kwa vidole juu ya gogo lisilo na ngozi. Nilidhani nyumba zote zina Jumapili za namna hiyo.

Halafu tumbo la shangazi likaanza kukua.

Niseme wazi, maana mie sikuambiwa wazi: shangazi alikuwa anakufa. Walimpeleka hospitali, wakamrudisha, na mtaa mzima ukajua isipokuwa mie. Nilichokijua ni kile nilichokiona, na nilichokiona nilikuwa nimekwisha kukiona kwa jirani yetu mmoja kabla hajajifungua. Tumbo lilikwenda mbele, miguu ikavimba, chakula kikamchukiza akawa anaomba ndimu. Wanawake waliingia chumbani kwake wakasema kwa sauti za chini. Nguo nyeupe ililetwa, ikafungiwa sandukuni. Bi Mwanaidi aliacha mikeka yake ya rangi, akaanza mmoja mweupe, mwembamba, usio na ua hata moja, na nilipomuuliza ni wa nani alisema, "Wa shangazi yako, mwanangu," akainama juu ya ukindu kama aliyeingiwa na vumbi machoni.

Nikajua mtoto anakuja. Niliona wivu hata nikashindwa kula. Mgongo wangu ungekaa wapi kitandani?

Jumapili moja shangazi alitolewa uani akalazwa kwenye mkeka. Nilipewa kipepeo cha ukindu nimpepee. Bi Mwanaidi alitaka nifukuzwe, akisema mambo yanayotaka kusemwa si ya mtoto ambaye hajachezwa. Shangazi akasema, "Nani atanipepea, wewe? Muache. Hasikii kitu, anawaza mafenesi." Kisha akamgeukia Fundi Simoni.

"Fundi, nataka unichongee mwana hiti."

Fundi hakulijua jina hilo, kwa hiyo alieleweshwa, na mie masikio yangu yakiwa wazi. Kwetu Wazaramo, msichana akivunja ungo aliwekwa ndani, na katika siku zake za kukaa ndani alipewa mtoto wa mti amlee. Alimwogesha, akampaka mafuta, akamlaza ubavuni. Hivyo alijifunza umama, na ilisemwa kwamba atakavyomtunza yule wa mti ndivyo atakavyojaliwa wa damu. Na mwanamke aliyekufa bila kuzaa, wazee wa zamani walimzika naye, asiende peke yake.

"Wa kwetu aliungua nyumba ya bibi ilipoungua," shangazi alisema. Akanishika mkono niache kupepea. "Tena wa kwetu mie nilimwangusha. Nilikuwa ndani, nimeshikwa na usingizi, akaniponyoka. Bibi akamwokota, akaniangalia tu. Nimeolewa mara mbili, nimeachwa mara mbili, hakuna aliyenitukana. Lakini kila mtu aliniangalia kama bibi alivyoniangalia siku ile. Nataka nilee mmoja nisimwangushe, Fundi. Hata kwa siku chache."

Mzee Kondo alikuwa amesimama. "Tabu, dada yangu, mie nimesoma madrasa. Mwalimu tayari hanitaki kwa sababu ya hizi ngoma. Nitabebaje jeneza lenye mti? Hilo si langu, na nyie msinitie."

"Hakuna aliyekwambia ulione," alisema Bi Mwanaidi.

"Sitaki hata kulisikia!" Akachukua shoka lake akaenda zake.

Mie katika yote hayo niliokota nilichokihitaji. Sikujua watoto hutoka wapi. Nilikuwa nimeuliza, nikaambiwa hununuliwa sokoni, na sikuamini kwa sababu sokoni nilikuwa nafika. Sasa nikaona mwenyewe. Tumbo la shangazi lilikuwa na mtoto asiyetengenezwa bado, na mafundi walikuwa wanakaa uani kupatana awe vipi. Watakavyomchonga huku nje ndivyo atakavyokuwa kule ndani. Lilikuwa wazo lenye mantiki kuliko yote niliyopewa na watu wazima, na hadi leo sioni pa kulilaumu.

Fundi Simoni alitokea Jumapili iliyofuata na mtoto wa mpingo. Alikuwa mzuri sana. Alikuwa na mashavu, vidole, magoti, na mdomo uliofunguka kidogo kama anayetaka kunyonya. Nilimpenda papo hapo, wivu wangu wote ukaisha.

Shangazi alimwangalia, akaanza kucheka, na kucheka kukamuumiza akashika ubavu. "Fundi! Huyu ana miguu. Si atanikimbia?"

"Mtoto gani hana miguu, Bi Tabu?"

"Mwana hiti hana. Hana miguu, hana mikono, hana uso. Kiwiliwili tu, na kitovu, na maziwa madogo, na kichwa chenye kishungi."

"Hana uso?" Fundi aliweka sanamu yake chini. Ilikuwa kama umemwambia Mzee Kondo atengeneze ngoma isiyolia. "Sie tunaanza na uso. Asiye na uso nitamjuaje kama amekwisha?"

Shangazi alifikiri. "Ukimweka mbele ya mtu, mtu akampakata bila kuambiwa, basi amekwisha. Uso atampa mwenye kumlea."

Walichukua majuma kumtafuta yule mtoto. Nimewahi kukaa katika vyumba ambamo wachoraji, waandishi na wanamuziki walialikwa kuzungumza juu ya sanaa zao, tukanywa chai na kupiga makofi, na kila mara nimejikuta nalinganisha na ua ule. Pale hakuna aliyekuwa na haki ya kusema yote. Nyimbo za mwali ni siri ya wanawake, na Fundi ni mwanamume, tena si wa kabila letu. "Maneno siwezi kukupa," shangazi alimwambia, "nitakupa sauti tu." Akaufumba mdomo, akavumisha wimbo puani, na Fundi akafuata kwa mkaa juu ya ubao. Sauti ilipopanda alipandisha mstari, ilipokaa akaukalisha. Bi Mwanaidi alisuka kichwa kidogo cha ukindu kuonyesha kishungi kinavyogawanyika pande mbili, akakifumua, akakisuka tena. "Hapana, hapo umemfanya jogoo," shangazi alisema, nao wakacheka, hata yeye.

Mti nao ulikuwa tatizo. Mpingo haukufaa, ulikuwa mzito mno kwa mgonjwa kuupakata. Ilitakiwa mninga, na mwenye mninga ni Mzee Kondo aliyesusa. Asubuhi moja tulikuta kipande mlangoni, kimekauka vizuri, kimeondolewa maganda. Mlio wa shoka uliendelea ukuta wa pili kama kawaida, na hakuna aliyemwambia asante, kwa sababu angekirudisha.

Mie ndiye niliyekuwa na hofu. Kila walipokubaliana jambo, mtoto wetu alipungukiwa. Uso umeondoka. Mikono imeondoka. Niliota amezaliwa, amefungwa kwenye nguo nyeupe, na nikiifungua nakuta gogo laini linaloniangalia bila macho. Nilimfuata Fundi nyuma ya chumba chake, alikokuwa anasugua mti kwa majani ya msasa.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Vumbi hilo, utakohoa."

"Muongezee miguu."

"Shangazi yako hataki."

"Shangazi anaumwa, hajui anachosema. Asipokuwa na miguu atachezaje na mie? Nitambeba siku zote? Nitachoka."

Fundi aliacha kusugua. Aliniangalia kwa muda, na sasa nadhani ndipo alipotambua nilichokuwa nakiamini. Angeweza kuniambia. Watu wazima wote wa ua ule wangeweza kuniambia, na nimewakasirikia kwa hilo miaka mingi. Yeye aliniuliza tu, "Unataka miguu mikubwa au midogo?"

"Ya kuanzia," nilisema.

Alimgeuza yule mtoto juu chini. Akachukua kisu chembamba, na chini kabisa, penye kitako anaposimamia, mahali ambapo hakuna ambaye angepaona, akakata nyayo mbili ndogo, ubavu kwa ubavu, na vidole vyake. Zilikuwa ndogo kuliko kucha zangu. "Hii ni siri yetu," alisema. "Wanawake wana zao, na sie wawili tuwe na yetu." Kisha akamweka mikononi mwangu ili achukue kitambaa afute kisu, na alipogeuka alinikuta nimekaa chini, nimempakata, kichwa cha kishungi kimelala kwapani kwangu. Sikuwa nimeambiwa.

"Basi," alisema Fundi Simoni kwa sauti ya chini. "Amekwisha."

Shangazi alimlea. Sina neno jingine. Alimwogesha kwa maji ya uvuguvugu, akampaka mafuta ya nyonyo hadi mti ukawa mwekundu na chumba kizima kikanuka, akamlaza upande wa ukuta ili asianguke. Mie nililazwa upande wa pili, na kwa mara ya kwanza sikuona wivu. Nilidhani ndivyo anavyojizoeza akisubiri yule wa ndani aive. Mikono yake ilikuwa imekonda kama mijiti ya ufagio, na alipombeba alimbeba kwa mikono yote miwili, amekaza meno. Hakumwangusha.

Hapa ndipo kichwa changu kilichosomeshwa hugombana na chenyewe. Ni ukatili gani kumfanya mwanamke aamini kwamba utasa wake ulitokana na usingizi wa msichana aliyechoka? Ningemkuta bibi yule leo ningemuuliza. Ningemuuliza pia shangazi, kama kweli aliamini, au alihitaji tu kitu cha kubeba. Lakini nimeuona uso wake akimfuta yule mtoto maji. Imani iliyomtesa na imani iliyompoza ilikuwa moja, na sijui ningemwondoleaje ile bila kumnyang'anya hii.

Alikufa mchana, wakati Bi Mwanaidi anamchemshia uji. Nilikuwa kisimani. Niliporudi na kopo langu la maji nilisikia vilio vya wanawake, nikakimbia kwa furaha, maji yananimwagikia miguuni, kwa sababu kwa yule jirani yetu pia wanawake walipiga kelele. Nilisimama nje ya mlango kati ya vilio vikubwa vyote vile nikitega sikio nisikie kimoja kidogo.

Hakikusikika.

Wanawake walimwosha shangazi, wakamvika ile nguo nyeupe, na mlango ulikuwa umefungwa. Bi Mwanaidi alitoka mara moja, akaenda chumbani penye kitanda chetu, akarudi ndani na kitu chini ya kanga yake. Alinipita bila kuniona. Wanaume walijaa uani. Baba alikuwa ameletewa habari na alisimama na kofia mkononi kama mtu aliyepotea njia. Mwalimu wa madrasa alikuwa mbele, na kwenye mguu mmoja wa jeneza, bega tayari, alikuwa Mzee Kondo. Alikuwa amekuja. Fundi Simoni, ambaye hakuwa wa dini yetu, alisimama peke yake penye mfenesi.

Mlango wa nyumba yetu ulikuwa mwembamba. Ili jeneza lipite ilibidi waliinamishe upande, na lilipoinama kitu ndani yake kilisogea na kugonga ubao. Mara moja tu. *Ko.*

Waliokuwa mbele walisita. Mwalimu aligeuza shingo. Ua mzima ukawa kimya, na katika kimya hicho nilimwona Bi Mwanaidi amefumba macho, mkono mdomoni.

Mzee Kondo akainua sauti. "La ilaha illallah!" Sijawahi kumsikia akipaza vile, hata siku za ngoma. Aliisema tena kabla wengine hawajaijibu, akaisukuma ile safari kwa bega lake, na wanaume wakamfuata, sauti juu ya sauti, mpaka jeneza likawa limetoka uani na liko barabarani na hakuna tena nafasi ya kuuliza.

Mie niliyebaki na kopo tupu nilijua kile kilikuwa nini. Amepiga teke, nilijiambia. Miguu anayo.

Nilingoja jioni wanaume warudi naye. Walirudi mikono mitupu, yenye udongo. Nilimfuata Fundi Simoni nikamuuliza mtoto yuko wapi, naye akachuchumaa ili nyuso zetu ziwe sawa. Chale zake zilikuwa zimelowa.

"Kaenda na mama yake," alisema.

"Nani atambeba?"

"Si ana miguu uliyompa?"

Ndipo nilipolia. Kama niliambiwa baadaye kifo ni nini sikumbuki. Nisichokisahau ni ule upande wa ukuta wa kitanda, uliobaki na doa la mafuta, na mie nikilala mbali nalo ili nafasi ibaki.

Jumapili hazikurudi. Fundi alihamia mjini karibu na wanunuzi wake. Bi Mwanaidi aliendelea kusuka, nyumbani kwake, peke yake. Mara ya mwisho nilipokwenda Temeke, likizo ya chuo, nilimkuta Mzee Kondo amezeeka, anagongagonga gogo jipya kwa kifundo cha kidole, sikio karibu nalo, akitafuta ufa usioonekana. Nilimwamkia, nikakaa, na kwa kuwa siwezi kuacha jambo bila kuuliza, nikamuuliza kuhusu siku ile mlangoni. Nilimuuliza alisikia nini.

Aliendelea kugonga. Akaligeuza gogo, akaligonga upande mwingine, akatingisha kichwa, akaliweka kando kwa kuwa lilikuwa na ufa.

"Mie?" akasema. "Sikusikia kitu, mwanangu."